Kilosa hadi Mikumi na watoto: Reli, kijiji cha Ulaya na nyani wa dirishani

Treni ya umeme ikishaiacha Morogoro, milima ya Uluguru hubaki nyuma na mbele hufunguka tambarare ya Mkata: nyasi mpaka macho yachoke, na miti iliyosimama mmoja mmoja kama watu wanaosubiri basi. Watu wazima wengi huanza kusinzia hapo. Watoto ndio hubandika pua kwenye kioo, maana wameshaambiwa kuwa upande wa kushoto, ng'ambo ya zile nyasi, ndiko iliko Hifadhi ya Taifa ya Mikumi.

Likizo ya Juni, familia moja ya Tabata, Dar es Salaam, ilikuwa ndani ya behewa hilo. Baba ni fundi friji, mama anauza vitenge. Walikuwa na bibi mzaa baba na watoto watatu: mvulana wa miaka 11, msichana wa miaka 8 na kitinda mimba wa miaka mitatu ambaye bibi humwita "mume wangu".

Safari ilikuwa ya bibi. Dada yake mdogo anaishi kijijini, kusini mwa mji wa Kilosa, na hawakuwa wameonana kwa miaka sita. Mikumi iliongezwa na watoto. Hoja yao ilikuwa fupi: kama barabara ya kwa dada wa bibi ndiyo hiyo hiyo inayokwenda hadi kwa tembo, kwa nini warudi bila kuwaona?

Miaka michache iliyopita safari kama hii ingemtoa jasho mzazi. Treni ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, na kufika Dodoma Julai 25 mwaka huo huo. Inakwenda hadi kilomita 160 kwa saa, na watoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu nauli. Ila anayeshuka Kilosa ahakikishe tiketi yake ni ya treni inayosimama hapo, kwani zile za haraka hupita vituo vingi.

Tambarare hiyo ya Mkata, Henry Morton Stanley aliivuka mwaka 1871 akimsaka David Livingstone, ikiwa imefurika maji ya masika, wapagazi na punda wake wakihangaika kwenye tope. Treni inaipita kwa dakika chache, na malalamiko ya bibi yalikuwa kiyoyozi tu. Mama alitoa kitenge kimoja kwenye mfuko, akamfunika yeye na "mume" wake. Wazazi wanaosafiri na wachanga wasisahau sweta. Ndani ya mabehewa hayo ni baridi kuliko joto la Dar linavyoweza kumfanya mtu aamini.

Mto usioogelewa

Kilosa ni mji uliolelewa na reli. Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Baadaye, hapo Kilosa ndipo lilipochepuka tawi la kwenda Kidatu kupitia Mikumi. Marehemu babu wa watoto hawa alikuwa fundi wa reli, na bibi alizaa watoto wake wawili wa kwanza mjini hapo. Kwa hiyo waliposhuka, kabla ya chakula, kabla ya chochote, aliomba bajaji iwapeleke stesheni ya zamani.

Hakuna aliyetarajia kitu pale. Watoto waliona jengo la zamani na reli nyembamba. Lakini chini ya mti alikuwapo mzee anauza karanga za kukaanga, akamwangalia bibi kwa muda mrefu hadi baba akaanza kukosa raha.

"Wewe si mke wa fundi?" mzee akauliza.

Bibi akakaa chini palepale, kwenye jiwe, kwa kicheko ambacho wajukuu hawakuwa wamewahi kukisikia. Walikaa saa nzima. Mvulana mkubwa, ambaye nyumbani simu haimtoki mkononi, alisikiliza yote: treni ya moshi iliyokuwa ikisimama kila penye mwembe, mkonge wa Kimamba ulivyokuwa ukipakiwa, na usiku maji yalipoingia mjini.

Hilo la maji si hadithi ya wazee. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulivunja kingo zake na kuvamia mji. Maelfu ya watu walihamia kwenye mahema, na njia ya reli kuelekea Gulwe ikasombwa kiasi kwamba treni zilisimama kwa miezi. Mzee wa karanga alionyesha kwa kiganja, kifuani, maji yalipomfikia. Msichana wa miaka 8 akapima kwa macho na kuona kuwa yeye angekuwa amefunikwa kabisa. Hakusema kitu, ila alikwenda kusimama karibu na mama yake.

Reli mpya haikuung'ang'ania mto kama ile ya zamani. Mbele ya Kilosa imetoboa milima kwa mahandaki manne, na lililo refu kuliko yote linazidi kilomita moja. Mvulana alinuna kidogo kusikia kuwa kwa kushukia Kilosa wameyakosa.

Alasiri walikwenda kuuona Mkondoa wenyewe. Juni maji huwa yametulia, mchanga unaonekana, na watoto wa mjini walikuwa humo wakirukaruka. Wa Tabata wakaanza kuvua viatu.

"Mto huu hauogelewi na mgeni," bibi akasema. Yeye alikuwa anawaza mamba. Sababu ya kitaalamu ni nyingine na inafikia matokeo yale yale: maji ya mito na mabwawa yanaweza kuwa na vijidudu vya kichocho, ambavyo hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi nzima, isiyo hata na mkwaruzo. Kuchovya miguu kunatosha. Mtoto aliyeoga mtoni likizo, kisha wiki au miezi baadaye akaona damu kwenye mkojo, apelekwe akapimwe, na mzazi ataje huo mto. Watoto wanaoishi karibu na maji ya namna hiyo ndio hasa hulengwa na dawa za kichocho zinazotolewa shuleni.

'Tunaenda Ulaya'

Kutoka Kilosa barabara inashuka kusini kuelekea Mikumi, na njiani kuna Ulaya. Ni kata ya Wilaya ya Kilosa, yenye mahindi na migomba. Ndiko anakoishi dada wa bibi.

Msichana alikuwa amewatangazia wenzake darasa zima kuwa likizo hii anakwenda Ulaya. Wiki ya mwisho ya masomo, mwalimu alimpigia mama simu, kwa heshima zote, kuuliza kama mtoto atarudi kabla shule hazijafunguliwa. Mama alicheka hadi akakata simu bila kujibu, ikabidi apige yeye tena.

Dada wawili wale walipoonana hawakusalimiana. Walishikana mabega, wakalia, kisha mdogo akamsukuma mkubwa na kumwambia amekonda. Kuku akachinjwa. Watoto waligundua kwamba wana baba wadogo na mashangazi ambao ni wadogo kuliko wao kwa umri, jambo ambalo mvulana alilikataa kabisa mpaka bibi alipomchorea ukoo chini kwa kijiti.

Jioni ng'ombe walirudi. Walikuja wengi, kengele zikilia, vumbi likiwa limepanda hadi kwenye jua, na nyuma yao kijana wa Kiparakuyo mwenye shuka na fimbo. Kitinda mimba hakuwa amewahi kuona ng'ombe akiwa amesimama hatua tatu kutoka kwake. Alimwangalia dume lililotangulia kuanzia kwato hadi pembe, akakunja mikono kwa adabu.

"Shikamoo," akamwambia.

"Marahaba," akajibu yule kijana kwa niaba ya ng'ombe, bila kucheka, akapita. Alianza kucheka alipofika mbali.

Kulala ndiko kulikomhangaisha mama. Chumba kilikuwa na chandarua kimoja na watoto walikuwa watatu. Wenyeji walikuwa wamejiandaa kumpa mgeni mkubwa, yaani bibi, hicho chandarua, kama heshima inavyotaka. Mama alikuwa amebeba viwili kutoka nyumbani, vya kufunga kwa kamba, akavitoa taratibu na kusema vimezoewa na watoto, hawalali bila hivyo. Ni uongo mdogo ambao haukumvunjia mtu heshima, na mzazi yeyote anayekwenda kwa ndugu kijijini anaweza kuuazima.

Mbu wa malaria huuma zaidi kuanzia jioni hadi alfajiri, na wiki zinazofuata masika si za kujiachia. Dalili huanza mara nyingi siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa. Maana yake mtoto anaweza kurudi Dar mzima, akafungua shule, na homa ikaja wakati safari imeshasahaulika. Homa ya namna hiyo haihitaji kukisiwa wala kunyweshwa dawa zilizobaki kabatini. Kipimo cha haraka cha malaria kinatoa jibu ndani ya nusu saa, na dawa mseto ikiandikwa inywewe siku zote tatu, hata kama mtoto ameanza kucheza siku ya pili.

Dirisha lililoshushwa

Siku ya tatu walikodi Noah iwapeleke Mikumi mjini, iwasubiri, iwaingize hifadhini, kisha iwafikishe Morogoro. Mikumi ni mji wa malori. Usiku haulali, magari ya Zambia, Malawi na Kongo huegeshwa hapo, mahindi yanachomwa na honi hazina saa. Mvulana alihesabu sahani za namba za nchi nne akiwa amesimama kwenye mlango wa nyumba ya wageni. Asubuhi mama alinunua mkungu mdogo wa ndizi mbivu, na ndizi hizo ndizo zilizoleta yote yaliyofuata.

Barabara kuu ya kwenda Zambia inakatiza katikati ya hifadhi kwa takriban kilomita 50. Abiria wa mabasi ya Iringa, Mbeya na Songea hutalii bure kwenye kipande hicho kila siku. Kuna matuta, kuna vibao vya mwendo, na kuna bango linaloorodhesha faini za kugonga wanyama, kila mnyama na bei yake. Pia kuna nyani. Wanakaa ukingoni mwa lami kama wachuuzi, wakubwa kwa wadogo, wakiangalia vioo vya magari.

Hawakuzaliwa wakilijua gari. Wamefundishwa, kwa maganda, mikate na chupa za juisi zinazorushwa na wasafiri mwaka baada ya mwaka. Nyani aliyejifunza kuwa chakula hutoka dirishani huacha kuhangaika porini na kuleta watoto wake barabarani, ambako malori huwaponda. Na huacha kumwogopa binadamu, hasa binadamu mfupi aliyeshika kitu.

Baba alitaka picha. Dereva, kijana mpole, alimwambia, "Kaka, hapa hapasimamwi." Baba akasema dakika moja tu. Gari likasogea pembeni, kioo cha nyuma kikashushwa, na msichana akanyoosha mkono wenye ndizi nusu. Ilikuwa ya kwake, hakuwa anamgawia mtu.

Dume lilikuja kutoka upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama. Lilipanda mlango, likashika ndizi pamoja na mkono, na msichana alipovuta, likavuta pia. Yote hayakufika muda wa kusema bismillahi. Ndizi ikaenda. Kwenye mkono, kuanzia kiwiko kushuka chini, ikabaki michirizi mitatu, na mmoja ukaanza kutoa damu.

Kwa sekunde chache ndani ya Noah kila mtu alisema lake. Kitinda mimba alilia kwa sababu dada analia. Baba alimfokea dereva, ambaye hakuwa na kosa. Bibi alifungua pindo la kanga kutoa tumbaku ya kusugulia kidonda, kama walivyomfanyia yeye utotoni.

"Mama, naomba tusiweke kitu kwanza," mkwewe akamwambia. "Maji tu na sabuni." Bibi alimwangalia, akafunga pindo lake, kisha ni yeye aliyeushika mkono wa mjukuu muda wote wa kuosha.

Dakika 15 za maji

Walikuwa na dumu la lita tano na kipande cha sabuni ya kufulia. Dereva alisogeza gari hadi walipowaacha wale nyani mbali, na mama akaanza kuosha, maji yakitiririka, sabuni tena, maji tena. Dakika 15 ni nyingi mno mtoto akiwa analia. Dumu liliisha kabla ya muda na wakaongezea chupa za maji ya kunywa. Kisha gari likageuzwa kurudi Mikumi mjini, hospitalini.

Kuosha huko ndiko kunakoonekana kudogo na kufanya kazi kubwa. Kirusi cha kichaa cha mbwa huingia kupitia mate ya mnyama mwenye ugonjwa, kwa kung'atwa, kukwaruzwa au kulambwa penye kidonda, na sabuni na maji yanayotiririka kwa angalau dakika 15 hupunguza sana kiasi kinachobaki kwenye jeraha. Majivu, tumbaku, mafuta ya taa na pilipili haviui kirusi. Huchubua nyama na kuziba uchafu ndani.

Karibu watu wote wanaopata ugonjwa huo duniani huambukizwa na mbwa. Nyani ni nadra. Lakini nyani ni mamalia kama mbwa, na aliyekimbilia porini hawezi kufuatiliwa wala kupimwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona, wakati chanjo iliyoanza mapema inazuia. Ndiyo maana uamuzi hauachwi kwa mzazi aliyesimama kando ya barabara akisema "ni mkwaruzo tu".

Muuguzi aliyewapokea hakushangaa hata kidogo. Nyani wa barabarani si habari mpya Mikumi. Aliuliza mnyama gani, saa ngapi, damu ilitoka au haikutoka, mmeosha kwa nini na kwa muda gani. Kisha akaomba kadi ya kliniki ya mtoto.

Kadi ilikuwa Tabata, kabatini, chini ya nguo za sikukuu. Picha yake, hata hivyo, ilikuwa kwenye simu ya mama, aliyoipiga mwaka jana wakati wa kuandikisha shule. Humo zilionekana chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ambazo ndani yake mna kinga ya pepopunda. Ikasaidia kuamua kama anahitaji nyongeza. Wazazi wanaosoma hapa kwenye simu, simu hiyo hiyo inatosha: kadi ya kila mtoto, kurasa zote, mwanga mzuri.

Msichana akasafishwa tena, akachomwa sindano ya kwanza ya kichaa cha mbwa, na tarehe za zinazofuata zikaandikwa kwenye kadi ndogo. Si lazima zote zitolewe sehemu moja. Kadi hiyo ndiyo inayokwenda na mtoto hadi kituo cha karibu na nyumbani. Tatizo la wengi huwa baada ya hapo. Kidonda kinakauka, mtoto anacheza, na tarehe ya tatu inapita mama akiwa sokoni. Huyu alizimaliza, kwa sababu mwenyewe alizibandika kwenye mlango wa friji na kila siku alikuwa akizisoma kwa sauti.

"Yule nyani ataumwa?" alimuuliza muuguzi akiwa bado anafungwa kitambaa.

"Kwa nini aumwe, mwanangu?"

"Amekula ndizi ambayo nilikuwa nimeing'ata. Nina mafua."

Muuguzi aliacha kufunga. Akamwambia ni kweli, mafua ya watu yanaweza kumfikia nyani, na ndiyo sababu nyingine ya kutowapa chakula. Halafu akamalizia fundo.

Baba alikuwa amekaa kwenye benchi la nje. Alikwenda kumwomba dereva radhi, akarudi kukaa palepale. Mama hakumwambia neno. Bibi ndiye aliyemletea chai.

Mchana uliobaki

Ilikuwa saa saba. Kuendelea Morogoro na kulala, au kuingia hifadhini kwa saa chache? Watu wazima walikuwa wameshaamua kuondoka. Msichana, mkono ukiwa na kitambaa cheupe, aliuliza kama sindano inakataza kuona tembo. Muuguzi alisema haikatazi.

Hifadhi ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964 na ina kilomita za mraba 3,230. Kusini inapakana na Hifadhi ya Nyerere. Jina limetokana na mkumi, ule mti jamii ya mnazi ambao wengine huuita mvumo, wenye shina lililovimba katikati kama chatu aliyemeza mbuzi. Viingilio vya raia hulipwa kwa shilingi na ni nafuu mno ukilinganisha na wanavyolipa wageni wa nje. Bei huwekwa na TANAPA na ni vema kuulizia kabla ya kusafiri.

Muongoza wageni aliyepanda gari lao langoni alitupia jicho fulana ya bluu ya mvulana, akamuuliza kama ana nyingine. Ndorobo hupenda bluu na nyeusi. Huuma mchana, hufuata kitu kinachotembea kama vile gari, na dawa nyingi za kupaka haziwasumbui sana. Ndio wanaoweza kueneza malale, ugonjwa ambao sasa ni nadra lakini haujaisha, na hata asiye nao huacha uvimbe unaouma. Mvulana akabadilisha, akavaa shati la shule rangi ya krimu, mikono mirefu. Kila kioo kikapandishwa, na safari hii hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Walianza na swala pala, wakaendelea na pundamilia na nyumbu waliochanganyika uwandani. Twiga watatu walisimama wakitafuna bila haraka. Mvulana alitaka simba na hakumpata. Muongozaji alimwonyesha nyayo kwenye vumbi akasema ni za asubuhi, na mvulana akaziweka kiganja kuzipima kwa mbali kupitia kioo. Nyati walikuwapo wengi, wenye sura ya watu wanaodai deni.

Bwawa la viboko ndilo lililomaliza muda. Hapo pana sehemu ya kushukia, na watoto walisimama nyuma ya muongozaji. Mwanzoni kulikuwa na mawe tu majini. Halafu jiwe moja likapiga chafya. Kitinda mimba alicheka mpaka akakaa chini, na kila jiwe lilipopumua alicheka upya. Muongozaji alieleza kuwa viboko hushinda majini kulinda ngozi yao na jua, na usiku hutoka kula nyasi, kilo 40 hivi kwa mmoja.

"Nyasi tu? Hawapewi ndizi?" bibi akauliza, akimtazama mwanawe. Ndiyo mara ya kwanza tangu asubuhi baba alipocheka.

Tembo hawakuwapo kokote. Muongozaji aliwatafuta kwenye njia mbili, akaomba radhi kana kwamba ni wake wameondoka bila kuaga. Jua lilikuwa limeinama walipomshusha langoni na kushika lami kuelekea Morogoro.

Walikuwa wameshapita matuta kadhaa dereva alipokanyaga breki polepole na kuwasha taa za tahadhari. Mbele yao lori refu, lililobeba mzigo wa kutoka Kongo, lilikuwa limesimama kabisa, dereva wake amezima injini na kulaza mikono kwenye usukani. Kulia, nyasi zilikuwa zinatikisika.

Akatoka jike kubwa, sikio moja limechanika. Akasimama katikati ya lami, akiangalia lori, kisha Noah, kisha lori. Nyuma yake wakafuata wengine, wakubwa na wa kati, na katikati ya miguu yao ndama ambaye mkonga bado haumtii, unakwenda huku yeye akienda kule. Muongozaji alikuwa amewaambia kuwa mama wa huyo hubeba mimba miezi 22, na mama wa Tabata alisikika akisema "Ee Mungu wangu" kwa sauti ya chini.

Baba hakutoa simu. Mvulana alihesabu hadi tisa. Msichana alikuwa amepiga magoti kwenye kiti, mkono wenye kitambaa umeegemea kioo, na aliponong'ona kioo kikafanya ukungu. Akakiangalia juu, mahali kilipoachwa wazi kidogo cha kupitisha hewa, akakamata kitasa na kukizungusha hadi mwisho.